Dawa ya Rafiki Asiye na Jina

Zhangshu, 12 Machi 1985

Shangazi yangu Fengxiu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala, mashavu yamejaa, mwambie Baba asihangaike. Mguu wa nguruwe umepona? Na mumeo, Mjomba Maosheng, goti limeacha kumsumbua au bado anatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi? Mama mkwe wako msalimie kwa heshima zangu zote, lakini simama mbali kidogo unapomsalimia.

Shangazi, najifunza dawa! Nikiamka asubuhi nasahau kwa sekunde moja, halafu nakumbuka, na miguu inatoka kitandani kabla yangu. Nyumba ya Bibi Nie, mwalimu wangu, ina droo za dawa kuanzia sakafuni hadi darini, na kila droo ukiifungua inakupiga kofi la harufu yake. Bibi Nie mwenyewe ana miaka sitini na kitu, anabangua mbegu za tikiti kutwa nzima, na anapenda mpira wa wavu kuliko wajukuu zake. Timu ya wanawake ikicheza redioni, anashika mkono wa mgonjwa kusikiliza mshipa huku anapiga kelele, "Piga! Piga sasa, mjinga wewe!" Juzi mzee mmoja wa watu alidhani anatukanwa yeye.

Anasema dawa moja peke yake ni mtu anayezurura tu. Dawa zikipangwa, hapo ndipo zinapokuwa serikali. Kuna mfalme anayepambana na ugonjwa, waziri wa kumsaidia, mzee wa kumvuta mfalme kanzu asipayuke, na tarishi anayejua njia ya kwenda panapouma. Mzizi wa urukususu huwa tarishi mara nyingi, kwa sababu ni mtamu na hagombani na mtu. Nacheka peke yangu nikiwaza hayo! Kila bakuli chungu tulilowahi kulazimishwa kunywa lilikuwa na serikali nzima ndani yake, na sisi tulikuwa tunaziba pua tu.

Sasa nawasoma watu wote kwa ndimi zao. Kondakta wa basi ulimi wake mwekundu nchani, moyo wake unawaka moto. Muuza tambi nilimwomba atoe ulimi akadhani namdhihaki, nikakosa tambi. Mama mkwe wako mwambie achemshe maganda ya chenza na tangawizi kwa ule upepo wa tumbo lake. Muda si mrefu nitakuwa naandika dawa mwenyewe. Kwa kweli ni kama nimeshaanza.

Samahani kwa mwandiko, vidole vina malengelenge kidogo. Si kitu.

Mwanao,
Qiuyan


Yankou, 2 Aprili 1985

Qiuyan mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika nusu imelowa, mtu wa posta aliuangusha mfuko mferejini, kwa hiyo kama uliandika maneno ya adabu kwenye ukurasa wa pili mimi sikuyaona. Baba yako mzima. Nguruwe mguu umepona, sasa kilichobaki ni tabia. Goti la mjomba wako likisikia mvua linaanza kulalamika kabla mawingu hayajajua. Ni majira ya chai ya kwanza, tunachuma hadi vidole vinageuka kijani, na Ijumaa tunakwenda kufagia makaburi.

Nilimsomea mama mkwe habari zako za ndimi. Kosa kubwa sana. Alitoka uani akamwonyesha jirani wake, jirani akamwonyesha wa kwake, na sasa vikongwe wa kijiji kizima wanapanga mstari mlangoni kwangu wametoa ndimi kama vyura. "Mwandikie mtoto wako, wangu una nyufa!" "Mwandikie, wangu umekuwa mnene upande wa kushoto!" Nikitoka kumwaga maji machafu nakutana na ndimi.

Na ule upepo wa tumbo la mama mkwe, hongera, dawa yako imefanya kazi. Umetoka. Wote, kwa mkupuo, mkuu wa kijiji akiwa amekaa hapo hapo anakunywa chai. Yeye mwenyewe hakuona haya hata kidogo, alisema, "Mmesikia? Hiyo ni elimu ya mjini."

Kuna jambo dogo. Rafiki yangu mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, miezi miwili hajaona siku zake. Anachoka. Akikaa anasinzia, akisinzia anagombezwa. Watu wakubwa wanasema ni umri, damu inakauka. Hataki kwenda hospitali. Zamani aliwahi kwenda mara mbili akiwa na furaha, akarudi mara mbili akiwa kichekesho cha kijiji, basi sasa hataki. Je, katika zile droo zenu kuna kitu cha kumsaidia?

Usiniulize jina lake. Wala usimwambie baba yako.

Shangazi yako


Zhangshu, 13 Aprili 1985

Shangazi!

Shikamoo, Baba hajambo, nguruwe hajambo, wote hawajambo, nimalize salamu haraka maana mkono unawasha! Mgonjwa wangu wa kwanza! Nimesoma sehemu ile ya rafiki yako mara nyingi hadi mwenzangu wa chumbani ameniuliza kama nimeandikiwa na mchumba.

Mwambie si umri hata kidogo. Damu imelala njiani, imekuwa kama mfereji uliojaa majani makavu, inataka kusukumwa. Upo mchanganyiko mzuri ajabu kwa hilo. Ndani yake kuna mizizi minne ya kulisha damu, ikiongozwa na ule wa danggui unaonuka kama supu ya sikukuu, halafu zinaongezwa kokwa za pichi na ua jekundu la kusukuma damu. Nimeandika vipimo kwenye karatasi ndogo humu ndani. Aende duka la dawa la mjini, wanavyo vyote. Achemshe mara mbili, achanganye maji yote, anywe nusu asubuhi na nusu jioni. Utaona, baada ya siku chache atakuja kucheza mlangoni kwako.

Utauliza Bibi Nie amesemaje. Bibi Nie ana wagonjwa wengi, sikutaka kumsumbua kwa jambo jepesi kama hili.

Oo, Shangazi, nimeandika dawa! Nimeitia sahihi!

Qiuyan


TELEGRAMU. Zhangshu, 22 Aprili 1985

RAFIKI ASINYWE DAWA. MWAGA YOTE. BARUA INAFUATA. QIUYAN


Zhangshu, 22 Aprili 1985

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba kwanza kama telegramu haijafika uache kusoma, ukimbie kwa rafiki yako, halafu urudi uendelee.

Leo asubuhi alikuja mwanamke mmoja mke wa fundi baiskeli, miezi miwili hajaona siku zake, anachoka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na beseni langu. Sikuweza kujizuia, nikanong'ona, "Ua jekundu na kokwa za pichi." Bibi Nie akaacha kubangua mbegu. Akasema, "Njoo hapa, tabibu mkuu. Weka vidole vyako."

Nikaweka kwenye mshipa wa yule mama. Shangazi, ulikuwa unateleza chini ya vidole, mviringo, wa haraka haraka, kama shanga zinazobiringika kwenye sahani. Sijawahi kugusa kitu cha furaha hivyo.

Bibi Nie akaniuliza, "Sasa niambie. Bado unataka kumpa ua jekundu?"

Yule mama akauliza, "Kwani nina nini?"

Bibi Nie akamwambia, "Una mtu tumboni, mwanangu, ndicho ulicho nacho. Na huyu msichana alikuwa anataka kumfukuza." Mama wa watu akaanza kucheka, chumba kizima kikacheka naye. Mimi beseni lilikuwa limeshaanguka na nilikuwa barabarani nakimbilia posta.

Dawa ya kusukuma damu haichagui cha kusukuma, Shangazi. Inasukuma kila kilichomo.

Sasa nikwambie ukweli. Mimi siandiki dawa. Sijaruhusiwa hata kukaa karibu na mgonjwa. Tangu nimefika nakata mizizi kwa kile kisu kirefu, nafagia vumbi la droo na kuosha masufuria, ndiyo sababu ya malengelenge. Ule mchanganyiko niliukariri kwa kuusikia ukisomwa upande wa pili wa ukuta. Nilikuandikia kama tabibu kwa sababu nilikuwa na furaha na nikataka uione kubwa kama nilivyoiona mimi.

Na wewe nikuulize mara moja tu. Huyo rafiki ni nani?

Qiuyan


Zhangshu, 6 Mei 1985

Shangazi,

Shikamoo. Wiki mbili na hujaandika. Nimemwambia Bibi Nie kila kitu. Nilidhani atanifukuza. Aliweka mbegu chini, halafu akauliza, "Shangazi yako ana miaka mingapi?" Nikasema sijui kama huyo mtu ni shangazi. Akasema, "Sikukuuliza hilo."

Tangu siku hiyo kila asubuhi swali lake la kwanza ni, "Barua?" Jana kulikuwa na mpira redioni. Aliizima redio.

Kama umekasirika, andika tu kwamba umekasirika. Andika tusi moja, nitalipokea kwa mikono miwili.

Qiuyan


Yankou, 19 Mei 1985

Qiuyan, we mtoto,

Marahaba, na usilie, utailowesha barua na nimehangaika kuiandika. Baba yako mzima. Nguruwe tumemuuza kwa sababu ya ile tabia. Chai ya mwaka huu nzuri. Ngoja nikae vizuri sasa, maana haya ya kusimulia ni mengi na nikicheka kalamu inaruka.

Dawa yako ilinunuliwa mjini, ikaletwa, ikawekwa jikoni kwangu. Ndiyo, jikoni kwangu. Nikaichemsha mara mbili kama ulivyosema. Ile danggui ikaanza kunuka supu ya sikukuu, na mimi tumbo likasimama hapa kooni. Nikatoka mbio, nikainama kwenye hori la nguruwe, nikatapika hadi nikaona nyota, na nguruwe akanitazama kama mtu aliyevamiwa nyumbani kwake. Nikajiosha, nikarudi, nikanusa, nikatoka mbio tena. Nikasema basi, itapoa nitakunywa kesho.

Mjomba wako akarudi kutoka shambani. Unamjua Maosheng, yule hawezi kuona tonge limebaki kwenye bakuli la mgeni. Akauliza, "Hii nini?" Nikasema dawa. "Ya nini?" Nikasema ya kuchangamsha damu, Qiuyan kaandika. "Unainywa?" Nikasema siiwezi. Akasema, "Haiwezi kumwagwa dawa iliyotoka hadi mjini!" Akainua bakuli, akanywa lote. Akafuta mdomo. Akasema, "Nimewahi kunywa mabaya zaidi kwa mama yangu."

Kesho yake akachemsha mabaki akanywa tena. Kesho yake akaenda mwenyewe mjini akanunua nyingine! Maana goti, Qiuyan, lile goti aliloliumiza kwenye mawe zamani, limelegea. Anapanda ngazi za shamba la juu anaimba. Akawa anawaambia wanaume wenzake kwamba mtoto wa shemeji yake amemwandikia dawa ya siri ya goti, haina kasoro, ila mwanamke akiisogelea tu anatapika.

Telegramu yako ikafika wakati huo. Mtu wa posta, kwa sababu ilikuwa ya haraka, akaisoma kwa sauti tangu darajani: RAFIKI ASINYWE DAWA! MWAGA YOTE! Kijiji kizima kikatoka. Kila mwanamke akawa anamwangalia mwenzake, rafiki ni nani? Mke wa fundi seremala akasema labda ni yeye, aliwahi kuniazima ungo. Mama mkwe akasema, "Mtu kapewa sumu!" Na mjomba wako akasimama katikati na bakuli mkononi, mdomo wazi, akaniuliza, "Fengxiu. Mimi ni rafiki yako?"

Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye tope. Nacheka nalia. Wakadhani na mimi nimeinywa.

Halafu barua yako ikaja, na hapo sikucheka. Niliisoma kwenye banda la kuni nikiwa nimefunga mlango.

Sasa hilo swali lako. Nilijua na sikujua. Ukishaambiwa mara mbili kwamba furaha yako ilikuwa damu tu, ya tatu huifungulii mlango upesi. Nilisema nikiitaja itaruka. Nilisema heri niitwe mzee. Baada ya barua yako nikavaa viatu vizuri nikaenda hospitali peke yangu, wakaniambia. Sikuamini, nikarudi wiki iliyofuata kwa daktari mwingine, akanisikilizisha moyo wa mtoto kwa kile chombo. Ndiyo maana nimechelewa. Sikuwa na hasira. Nilikuwa naogopa hata wino.

Mtoto wa kumi na moja, Qiuyan. Nasema atazaliwa mwezi wa kumi na moja! Ona, hata kuandika nimesahau. Yule mama wa ofisi ya vibali vya uzazi alipoona jina langu alicheka hadi akaangusha muhuri. Akasema, "Tangu uolewe, miaka kumi na tisa, nakusubiri wewe tu."

Mjomba wako nilimwambia Jumanne. Anaingia, ananiangalia, anatoka.

Mimi, Shangazi yako
(rafiki)


Zhangshu, 30 Mei 1985

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Shikamoo mara tatu, moja yako, moja ya mjomba, moja ya huyo wa tumboni, maana sijui nani kamzidi nani hapo.

Nilipofika kwenye "jikoni kwangu" nilikaa sakafuni. Nilipofika kwenye bakuli la Mjomba nilipiga yowe, wagonjwa wawili wakasimama wakidhani kuna moto. Bibi Nie akaninyang'anya barua akaisoma yeye mwenyewe kwa sauti, na pale kwenye "Mimi ni rafiki yako?" mbegu ya tikiti ilimwendea njia ya hewa. Tukampiga mgongo. Akipumua kidogo anarudia, "Mimi ni rafiki yako?" na anaanza upya.

Alipotulia alinigeukia. "Umeokolewa na tumbo la shangazi yako na ubahili wa mjomba wako. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesoma kitabu. Kumbuka hilo siku utakapojiona tabibu." Mwaka mzima sina ruhusa ya kufungua mdomo mbele ya mgonjwa, isipokuwa kuuliza. Kuuliza naweza. Akasema huko ndiko nilikopaswa kuanzia.

Nilimwomba akuandikie dawa ya kumtuliza mtoto. Akakataa kabisa, hamwandikii mtu asiyemshika mkono. Anasema ule, ulale, ndoo za maji abebe mwenye goti jipya. Na huyo mwenye goti aache kujinunulia dawa mara moja, aje hapa mwenyewe apimwe.

Nakupenda. Andika kila wiki. Hata kama huna la kusema, andika umekula nini.

Qiuyan


Zhangshu, 21 Julai 1985

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Umetuma nyama ya kuvuta moshi, jogoo hai na mume. Nyama imefika. Jogoo alitoroka kituoni, wakamkamata watu watatu. Mume amefika akiwa anasimulia.

Alipokaa kwenye benchi la wagonjwa hakuulizwa ugonjwa, alianza mwenyewe. "Mke wangu ana mimba." Aliyekuja na kikohozi akaambiwa. Aliyekuja na jino akaambiwa. Kila anayeingia mlangoni anasogezewa nafasi halafu anaambiwa. Kufika saa nne benchi zima lilikuwa linampongeza, na mwenye jino akasema maumivu yamepungua.

Bibi Nie akamshika mkono, akasikiliza, halafu akainuka kwenye kiti chake. "Kaa," akaniambia. Nikadhani nimesikia vibaya. "Kaa! Kiti hakiumi. Umemtibu kwa bahati, sasa mtibu kwa akili."

Nikakaa. Shangazi, nilimuuliza kila kitu. Linauma wapi, linahama au halihami? Kama kisu au kama mzigo? Ukikaa au ukitembea? Baridi au joto? Unalala upande gani? Choo je? Jasho je? Kiu je? Unapenda maji ya moto au baridi? Mjomba akamgeukia Bibi Nie, akauliza, "Huyu ananitibu au anataka kunioa?"

Lakini kidogo kidogo nikaona. Halihami. Linachoma kama msumari. Linazidi akikaa na kwenye baridi. Ulimi una madoa ya zambarau pembeni. Damu kweli imelala pale kwenye jeraha la zamani. Dawa ile ilikuwa yake tangu mwanzo, nilikuwa nimeiandikia anwani isiyo yake! Nikahisi nimepanda mlima nikaliona bonde lote. Nikaandika ile mizizi, nikaandika ua jekundu, nikaandika kokwa za pichi. Nikaongeza mdalasini kwa ajili ya baridi. Nikampa Bibi Nie.

Alisoma polepole kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Akapunguza ua jekundu nusu. "Alishakunywa la kutosha." Halafu akauliza, "Tarishi wako yuko wapi? Serikali yote hii itajuaje kwamba imeitwa gotini?" Nikafikiri, nikafikiri, nikakumbuka mzizi mmoja mrefu mwembamba unaoteremsha dawa miguuni, nilioukata kwa mikono yangu hadi nikauchukia. Nikautaja. Akagonga meza. "Andika!"

Nikaandika. Akatia sahihi yake. Halafu akaisukuma karatasi kwangu, akaonyesha kwa kidole chini ya jina lake. Nikatia yangu, ndogo.

Mjomba hakuiachia karatasi hiyo hata kwa muuza dawa, ilibidi asomewe akiwa ameishika. Mpishie hivyo hivyo. Ila chemshia nje, mbali na pua yako.

Qiuyan


Yankou, 9 Desemba 1985

Qiuyan mwanangu,

Marahaba. Baba yako mzima, ana homa kidogo ya kucheka. Mjomba wako goti zuri, ila sasa analalamika mgongo, kwa sababu hataki mtoto awekwe chini. Theluji imeanguka mlimani lakini bondeni bado.

Telegramu ilikwambia ni msichana na tu wazima. Haikukwambia ana sauti gani. Juzi tulipofanya sherehe ya mwezi wake mmoja alilia mara moja tu, na fataki zikasikika kama zimeona haya. Mama mkwe anampitisha nyumba kwa nyumba. "Pua ni yetu," anasema. Jirani akamwambia, "Mama, wewe huna pua kama hiyo." Akamjibu, "Nilikuwa nayo nikiwa msichana!" Mkuu wa kijiji alikuja na nyama, akakaa karibu na mlango, mbali na mama mkwe.

Umesema Bibi Nie atakuruhusu kuja mwaka mpya. Njoo na yeye, mwambie tuna redio. Umesema pia sasa unakaa karibu na mgonjwa na unauliza. Vizuri. Mimi mgonjwa wako nilikudanganya, na hakuna aliyeniuliza vya kutosha nikasema kweli. Nilitaka kuulizwa, unajua? Wewe waulize.

Karatasi hii ina madoa mekundu, usishtuke. Miaka kumi na tisa nimekwenda kwenye sherehe za watoto wa watu, nikapewa mayai mekundu wanayogawa wazazi, nikayabeba nyumbani kwenye leso, nikayamenya peke yangu. Juzi niliyapika yangu. Masufuria mawili makubwa, nikayatia rangi moja moja, kila nyumba ya Yankou ikapata, hata aliyewahi kunicheka, tena yeye nilimpa mawili. Vidole vyangu vimekuwa vyekundu hadi ndani ya kucha. Mama mkwe ameniletea maji ya moto na sabuni, ameyaweka hapa mezani tangu asubuhi.

Sitaki kunawa.

Shangazi yako, mama yake Lu'er